Watu wa Chini ya Tangi na Wizara ya Usahihi

Ipo nchi ambayo sitaitaja jina, kwa sababu nikikosea herufi moja katika kulitaja nitaitwa ofisini, na ofisi zenyewe nitawaeleza zilivyo. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo, ina barabara ya lami inayotoka uwanja wa ndege mpaka nyumbani kwa mkubwa. Watu wake ni wakarimu na wapole, isipokuwa wakiwa na simu mkononi.

Katika nchi hiyo mambo yote ya serikali huandikwa mtandaoni, na huandikwa kwa Kiingereza. Usiniulize kwa nini. Hakuna Mwingereza aliyebaki pale. Wa mwisho aliondoka zamani, na inasemekana aliondoka akiwa amechoka kusahihishwa. Wananchi wanaongea lugha yao nyumbani, sokoni, msikitini, kanisani na kwenye ugomvi. Lakini ukitaka serikali ikusikie, unaandika Kiingereza, na unakiandika kwenye ukurasa wa Wizara, mbele ya macho ya taifa zima.

Sasa, watu hao wana desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Mtu akiandika jambo, hawalisomi. Wanalisahihisha. Wanaipekua sentensi kama trafiki anavyokagua gari bovu, na wakipata kosa roho zao zinatulia, hakuna tena anayeuliza gari lilikuwa limebeba nini.

Seremala mmoja wa mtaani kwetu, Mashaka, alifiwa na baba yake akatangaza msiba mtandaoni. Majibu aliyopata yalikuwa mengi kuliko watu waliokuja kuzika. Hakuna hata mmoja aliyempa pole. Walimwambia kwamba, kwa jinsi alivyoandika, baba yake alikuwa bado anaendelea kufa. Mwingine akamwekea maksi tatu kwa kumi. Mashaka akafuta machozi, akaandika upya, safari hii vizuri. Wakamwambia hongera. Kafiwa na baba yake, kapewa hongera, na yeye akajibu asante.

Hao ndio watu ninaowazungumzia. Nawapenda sana, lakini kwa mbali.

*

Wizara ya Usahihi wa Maandishi iliundwa ili desturi hiyo ipate heshima, magari na walinzi. Waziri wake alikuwa Mheshimiwa Dakta Nestori Bukagile, mtu aliyetunukiwa shahada na chuo alichokizindua mwenyewe asubuhi ya siku hiyo hiyo. Mheshimiwa hakuwa anakosea. Akiandika neno vibaya, kamusi ya taifa ilirekebishwa kabla ya saa sita mchana, na wanafunzi waliokuwa wamefaulu jana wakawa wamefeli leo. Hakuna aliyelalamika, maana malalamiko nayo yalitakiwa yaandikwe.

Wizara ilikuwa na madawati mawili. Dawati la kwanza, la Kusahihisha, lilijaza ukumbi mzima. Vijana wenye digrii walikaa humo wamebanana kama viazi guniani, wakipiga mistari myekundu kutwa. Kila ripoti ya mwananchi ilipita kwao. Ikikutwa na kosa, ilirudishwa kwa mwenyewe aianze upya. Ikikutwa safi, ilipelekwa Dawati la pili, la Kusoma. Dawati la Kusoma lilikuwa na mtu mmoja, Bwana Mtengeti, na tangu aajiriwe hajaletewa kitu.

Kwa hiyo nyumba ikiungua mnaandika. Ripoti ikirudi mnaandika tena. Nyumba ikiisha kuungua mnabadilisha ripoti iwe ya jambo lililopita, na hapo ndipo wengi walipokosea zaidi.

*

Sisi tulikaa mtaa unaoitwa Chini ya Tangi. Hilo si jina la kimafumbo. Juu ya kilima palikuwa na tangi la zege, kubwa kuliko shule, na sisi tulikuwa chini yake. Maji yake yalikwenda upande wa pili wa kilima, kwa wakubwa. Sisi tulipata kivuli, mpaka saa nne asubuhi.

Halafu tangi likapasuka ufa, na kwa mara ya kwanza tukapata maji bila kuyaomba. Nisiwafiche, tulifurahi. Wanawake walipanga ndoo pale chini, vijana wakaosha pikipiki, mimi nikapata pa kuzamisha mipira ya matairi nikitafuta pancha, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Furaha ilidumu mpaka tulipogundua kwamba ufa unakua. Mwanzoni maji yalikuwa yanatoka kama jasho. Baadaye yakawa mstari. Baadaye mtu akaweza kuingiza kiganja.

Aliyeingiza kiganja ni Siwema. Yeye alikuwa anakaanga mihogo pale pale mguuni pa kilima, na jiko lake lilikuwa limeanza kuzimwa na matone. Koki ya kuyafungulia maji ili yapungue tangini ilikuwa ndani ya kibanda cha chuma, na kibanda kilikuwa na kufuli la serikali. Kulivunja ni kosa la uhujumu. Kilichobaki ni kuandika.

Siwema aliishia darasa la nne. Alichukua simu yake, akaandika kwenye ukurasa wa Wizara kwa Kiingereza alichonacho. Nakiweka hapa kwa lugha yetu kama kilivyokuwa: "Tangi yeye anapasuka. Maji anatoka mingi. Watu chini atakufa."

Hata mimi niliyetoka shule darasa la tano nilielewa. Nilimkuta jioni anaitazama simu kama mtu aliyetemewa mate.

"Wamejibu?" nikamuuliza.

"Wengi, kaka Mosi. Simu inataka kuungua."

"Wanasemaje?"

"Wanasema tangi si mtu."

"Na ufa?"

"Ufa hawajaufikia. Bado wako kwenye neno la pili."

Taifa zima lilikuwa linacheka. Mtangazaji mmoja wa redio aliisoma ile ripoti kwa sauti ya kike ya kubana pua. Kuna waliochapa fulana zenye maneno yake. Watu wawili waliojiita wataalamu walibishana siku nzima kama ni "atakufa" au "watakufa", mmoja akisema idadi inajulikana, mwingine akisema bado haijajulikana, na wafuasi wao wakatukaniana mama zao. Hakuna kati yao aliyenyanyua shingo kutazama kilimani, na tangi linaonekana kutoka kila pembe ya mji.

*

Jambo lilipofika kwa Waziri, alilipa uzito. Alikuwa anafungua choo cha kisasa makao makuu ya Wizara, akalitolea hotuba.

"Ndugu wananchi," alisema, "taifa limeaibishwa. Wageni wanausoma ukurasa wetu. Wawekezaji wanausoma. Watatuelewaje, nchi yenye historia kama yetu, ambamo tangi linaitwa yeye? Mimi kama Waziri sitakaa kimya. Tangi, kama lipo, na ufa, kama upo, hayo ni mambo ya kiufundi. Lakini sentensi ni uhai wa taifa. Sentensi ikipasuka, nchi imepasuka."

Alipigiwa makofi. Choo kikafunguliwa, hakikuwa na maji. Yalikuwa yanavujia kwetu.

Adhabu ya Siwema ilitangazwa siku hiyo hiyo. Akaunti yake ilifungwa, na akaamriwa aombe radhi kwa taifa kwa Kiingereza fasaha kupitia akaunti hiyo hiyo. Mtu akiuliza ataombaje radhi kwenye akaunti iliyofungwa, alijibiwa kwamba swali lake limekosa alama ya kuuliza.

*

Mtaani kwetu alikaa Mwalimu Lukindo. Alistaafu zamani. Alikuwa amefundisha Kiingereza shule ya msingi ya pale, akatufundisha mimi, Siwema na Mashaka, na kwa matokeo yetu mtu angedhani hakufundisha. Lakini alifundisha. Darasa lilikuwa na watoto wa kujaza basi na kitabu kimoja, na kitabu chenyewe alikishika yeye. Alivaa shati lililopigwa pasi kila siku, hata akiwa haendi popote, na hakuwa anakwenda popote.

Siwema alipomwendea analia, Mwalimu alimkaribisha kiti.

"Tusiwalaumu," alisema. "Wao wameweka utaratibu. Sisi hatujaandika vizuri. Tukiandika vizuri watakuja. Watakuwa na sababu gani nyingine ya kutokuja?"

"Mwalimu, wale hawataki kuja," nikasema.

"Mosi, wewe tangu mtoto unapenda kukata tamaa."

Tukaenda Wizarani watatu. Mwalimu alisema ni adabu kuwajulisha kwanza kwamba ripoti nzuri iko njiani. Tulipita katikati ya ukumbi wa Kusahihisha, hakuna aliyetutazama, isipokuwa binti mmoja aliyesoma maandishi ya fulana yangu akatikisa kichwa. Mwisho wa ukumbi kulikuwa na mlango, na nyuma ya mlango Bwana Mtengeti wa Dawati la Kusoma, mbele ya meza iliyong'aa kama sahani. Alikuwa anamwagilia ua la plastiki.

Siwema hakusubiri salamu iishe.

"Baba, tangi limepasuka. Lile la kilimani. Litatuua."

Bwana Mtengeti aliweka kopo chini taratibu. "Mama, hayo umeyasema kwa lugha gani?"

"Hiyo hiyo unayoniuliza nayo."

"Basi sijasikia. Saa za kazi sisikii lugha hiyo, ni waraka. Njoo saa kumi na nusu nikishatoka. Nitakusikia vizuri tu, na nitasikitika sana."

"Ukishasikitika utafanya nini?"

"Muda huo nitakuwa si mtumishi. Nitakuwa raia kama wewe, sina la kufanya."

Nilimuuliza anakaa wapi. Akasema upande wa pili wa kilima, na kwamba siku hizi bomba la kwake linatoa maji kama mkojo wa mgonjwa. Sauti yake ikashuka. "Nilitaka kuripoti," akasema, "lakini nani ataandika? Wale hapo ukumbini wananifahamu. Wakikuta kosa langu nitaishi vipi humu ndani?"

Ikawa zamu ya Mwalimu. "Ripoti ikifika hapa safi, bwana, utaisoma?"

Yule mtu alimtazama kama anayeahidiwa mtoto. "Mwalimu, ikifika safi nitaisoma kwa mikono miwili. Nina kalamu ya kuamuru. Nikiisoma, koki inafunguliwa siku hiyo hiyo. Mimi mwenyewe nina hamu ya kusoma kitu."

Njiani kurudi Mwalimu alikuwa anatembea haraka kuliko sisi.

*

Aliandika kutwa. Alivaa miwani, akavua, akavaa. Alitamka kila neno kwa sauti kabla ya kuliweka, na neno la kuomba tafadhali aliliondoa akalirudisha, akaliondoa, akalirudisha. Siwema alikaa mlangoni akimletea chai. Kule juu ufa ulikuwa unalia kama samli inayochemka, na yeye alikuwa anautazama, anamtazama Mwalimu, anautazama tena.

"Mwalimu, inatosha. Itume."

"Mstari mmoja tu."

"Huo mmoja umeusema tangu asubuhi."

Ilipokwenda mtandaoni, taifa liliirukia. Likakuta hakuna kosa. Lilitafuta tena. Hakuna. Hapo hasira zikaanza. Walimtukana kuliko walivyomtukana Siwema. Mmoja alisema huyu si raia. Mwingine alisema nukta zake zina kiburi. Mwingine, na huyu alipata wafuasi wengi, alisema mtu wa Chini ya Tangi akiandika hivi basi sisi wengine tulisomea nini. Kuhusu tangi hakuna aliyesema kitu, kwa sababu walikuwa hawajazoea kufika huko.

Lakini Wizara ilitoa jibu, na Mwalimu alitusomea akisimama. Ripoti imekubaliwa. Itapelekwa Dawati la Kusoma. Isipokuwa, kwa kuwa jambo hili halijapata kutokea, maofisa watafika kesho nyumbani kwa mwandishi wampe imla, ili ithibitike kwamba ni yeye aliyeandika. Mwandishi akutwe kwenye anwani aliyoitaja. Asipokutwa, ripoti imefutika na mambo yanaanza upya.

"Wanakuja kutazama tangi?" Siwema aliuliza.

"Wanakuja kunipa imla."

"Na tangi?"

"Imla kwanza, halafu wanasoma, halafu koki. Ni kesho, Siwema. Kesho hii."

Alifagia nyumba. Aliazima viti viwili vya sofa kwa Mashaka, akanunua biskuti. Ilikuwa ni muda tangu mtu wa serikali aingie kwake, na alitaka wakute pako sawa.

*

Kesho ilipofika, tangi lilitoa mlio. Haukuwa mkubwa. Ni kama mtu aliyekohoa ndani ya pipa. Lakini kipande cha zege chenye ukubwa wa mlango kilidondoka, kikalala juu ya jiko la Siwema.

Siwema aliokota sufuria na mwiko. Akapita uchochoro kwa uchochoro akiligonga lile sufuria, anasema kwa lugha yetu, "Tokeni. Tangi linakuja." Maneno matatu. Hakuna aliyemwambia arudie, hakuna aliyeuliza kama tangi linaweza kuja. Watu walitoka. Walitoka na magodoro, na kuku wamefungwa miguu, na televisheni, na bibi mmoja akatolewa juu ya toroli ya kubebea saruji. Tulivuka bonde tukapanda uwanja wa mpira wa upande wa pili. Kazi ambayo taifa lilishindwa kwa mwezi mzima wa kuandika, mwiko uliimaliza kabla ya adhuhuri.

Mwalimu hakutoka.

Tulimkuta ameketi kwenye kiti alichoazima, ndani ya shati la pasi, na biskuti ziko kwenye sahani.

"Mwalimu, inuka," Siwema akasema.

"Wanakuja leo, mwanangu. Wameandika leo."

"Leo hiyo hiyo na tangi linakuja."

"Wakinikuta, watasoma. Wakisoma, koki itafunguliwa, na nyumba zenu zitabaki. Wakinikosa, inaanza upya. Unajua upya maana yake nini? Ni kurudi kwenye neno la pili."

"Nyumba tutajenga. Wewe tutakujenga na nini?"

Alicheka kidogo. Nilimshika mkono, Siwema akashika wa pili, tukamnyanyua, na alikuwa mwepesi, kilo zake zote zilikuwa mifupa na shati. Tulifika naye mlangoni. Hapo akashika mbao za mlango kwa nguvu ambazo sikujua anazo, akasema kwa ile sauti ya darasani, "Niacheni." Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu, na mkono wangu ulifunguka wenyewe kabla sijauamuru. Akaturudisha nyuma kwa kiwiko, akafunga, tukasikia komeo.

"Wakifika waambieni wabishe hodi," alisema kutoka ndani. "Nitakuwa macho."

Siwema aliupiga mlango kwa sufuria mpaka sufuria likapinda. Alimwita Mwalimu, akamwita baba, akamtukana matusi ambayo Mwalimu mwenyewe ndiye aliyemfundisha kutoyatumia. Nilimvuta kwa nguvu. Tulikuwa tunapanda uwanjani wakati tangi lilipofunguka. Ufa ulishuka mpaka chini, ukuta ukalala upande wetu, na maji yakapita pale palipokuwa mtaa. Yalipoisha kupita hapakuwa na uchochoro, wala mlango, wala kiti.

Wale maofisa wa imla walikuwa njiani. Walichelewa kwa sababu walisimama kwenye kibanda cha supu kubishana ni kifungu gani wampe Mwalimu, kirefu au kifupi. Walipofika ukingoni mwa matope walitazama, wakarudi kwenye gari, wakaandika taarifa yao. Nilisomewa. Ilisema mwandishi hakukutwa kwenye anwani aliyoitaja. Ripoti imefutika.

*

Wizara haikuwahi kufanya kazi kwa kasi kama siku ile. Jopo lote la Kusahihisha liliitwa kuandaa tamko la rambirambi, na Waziri akataka liwe safi kuliko tamko lolote lililopata kuandikwa na taifa. Likaandikwa. Lilisema wakazi wote wa Chini ya Tangi wamefariki. Lilikuwa na masikitiko, lilikuwa na mshikamano, lilikuwa na neno moja ambalo watu walilitafuta maana kwenye simu zao, na halikuwa na kosa. Nchi ilisimama kulisifu. Balozi mmoja aliandika kwamba hajapata kuona rambirambi nadhifu namna ile.

Tatizo dogo ni kwamba tulikuwa hai, uwanjani, na njaa.

Mashaka aliandika mtandaoni kwamba tupo. Wakamrudishia na mistari myekundu. Akaandika tena, wakamwambia kuna maendeleo, aongeze juhudi. Siwema akapanda Wizarani kwa miguu, na matope yake, akamkuta Bwana Mtengeti. Ilikuwa saa kumi na moja, kwa hiyo alisikia. Alilia kweli. Alisema tamko likirekebishwa itabidi ikubalike kwamba lilikuwa na kosa, na halina kosa, taifa zima limeshathibitisha.

"Lakini ni uongo," Siwema alisema.

"Uongo ndiyo," akasema Bwana Mtengeti. "Lakini kosa hakuna."

"Na Mwalimu wangu?"

Akauliza Mwalimu gani. Ile ripoti haikuwa imemfikia.

*

Ibada ya kitaifa ya kutuombea iliwekwa uwanja wa mpira, kwa kuwa ndiyo sehemu pekee karibu na tukio iliyokuwa kavu. Walituomba tusogeze magodoro tupishe mahema. Tukasogeza. Kwa kuwa viti vya mbele vilibaki, na wageni waheshimiwa waliogopa tope, marehemu tulikaa mbele. Pilau ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya.

Mheshimiwa Bukagile alipanda jukwaani na suti nyeusi. Alisoma tamko lote mwanzo mpaka mwisho. Halafu akaanza kutusoma majina, ambayo waliyatoa kwenye daftari la wapiga kura, taratibu, akiacha nafasi ya huzuni baada ya kila jina.

Jina la kwanza lilikuwa la Mashaka.

"Nipo," Mashaka akasema, mdomo una wali.

Waziri hakunyanyua uso. Akamsoma mke wa Mashaka. "Nipo." Akamsoma yule bibi wa toroli, tukamtikisa, akasema yupo. Akamsoma Siwema. Siwema alisimama kabisa, na sufuria lake lililopinda mkononi. "Nipo, Mheshimiwa. Nitazame. Nipo."

Waziri alivuta shati shingoni. Kwenye hotuba yake hapakuwa na mahali pa kuitikiwa. Akaendelea, na sisi tukaendelea, kila jina na mwenyewe, wengine wakaanza kuitika kwa nguvu zaidi, watoto wakaona ni mchezo, wakawa wanamuitikia yeyote. Ofisa wa itifaki akaja mbele yetu ameinama, viganja vimekutana.

"Jamani," alinong'ona, "tunaomba sana marehemu wanyamaze. Mnamtoa mstarini."

"Mwambie asome waliokufa," Siwema akamjibu. "Atamaliza mapema."

Nilicheka. Wote tulicheka, hata bibi. Waziri akapandisha sauti juu ya kicheko chetu, akasoma jina langu nikasema nipo, akageuza karatasi, akasoma: Lukindo, Ezekia, mwalimu mstaafu.

Hakuna aliyeitika.

Watoto nao walinyamaza. Siwema aliketi, akaweka sufuria mapajani akalishika kwa mikono yote miwili.

Waziri alisubiri kidogo. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu apande jukwaani, alinyanyua uso akatutazama, na uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyepata maji baridi.

"Vizuri," akasema. "Hivyo ndivyo inavyotakiwa."

Akatoa kalamu mfukoni, akaweka alama ya vema mbele ya lile jina.

Baada ya hapo hakuna kati yetu aliyeweza kusema nipo. Alisoma jina, kimya, akaweka vema. Alisoma jina, kimya, akaweka vema. Alidhani tumeelewa. Alifika mwisho wa majina bila kujikwaa hata mara moja, na lile jopo la Kusahihisha, lililokuwa limesimama nyuma yake kufuatilia kila neno, likampigia makofi.